Kahawia ya Fundi Mkuu

Fundi Mkuu anakuja Jumatano, na safari hii haji kufanya kazi. Anakuja kukaa kwenye kiti cha mgonjwa. Alikuwa anapepeta mpunga uani kwake Ng'ambo, hapa Tabora, kapi likamwingia jicho la kulia, akalipuuza. Likawa kidonda, kidonda kikapona, kikaacha kovu jeupe katikati ya mboni. Jicho haliumi tena, lakini halioni, na kila anayekutana naye huliangalia hilo doa kwanza ndipo akumbuke kumsalimu. Mwanamke aliyewachapia wenzake mboni kwa miaka mingi, sasa anajifunika upande mmoja wa uso kwa mtandio na kuongea na watu huku ameutazama ukuta. Mimi ndiye nitakayemchapia yake. Alinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nikiharibu sina pa kukimbilia.

Ninaandika haya nikiisubiri siku hiyo, maana mikono haitulii. Nimeona afadhali niwaeleze huyu mtu ni nani, kabla hamjamwona akiwa ameinamisha kichwa.

Kwanza kazi yenyewe. Nyuma ya kliniki moja ya macho, upande wa Isevya, tuna chumba kidogo tunachochapia lenzi za kuvaa jichoni. Si za urembo. Ni za watu wenye makovu, waliochomwa na mwiba, waliougua surua utotoni, waliopigwa na kitu. Picha ya mboni imechongwa kwenye bamba, kina chake hata ukucha hauhisi. Wino hupakwa juu ya bamba, wembe mpana hukwangua uliozidi, ukabaki ule uliokaa ndani ya mchongo tu. Kisha pedi laini ya silikoni, yenye umbo la kitunguu kilichokatwa nusu, hushuka ikaunyanyua wino na kwenda kuukandamiza juu ya lenzi. Lenzi imebinuka, haikubali muhuri mgumu, lakini pedi hujikunja ikalifuata umbo lake. Rangi ikishakaa hufunikwa kwa utando mwembamba isiguse jicho, na mwisho lenzi hulazwa kwenye maji ya chumvi, ikavimba na kulainika. Ukielezwa hivyo unaona ni jambo la kubonyeza tu. Hata mimi niliona hivyo nilipofika hapa kutoka Nzega.

Jina lake lipo, na ukoo wake unajulikana Ng'ambo nzima bila msaada wangu, lakini hata wajukuu wake humwita Fundi Mkuu. Ni mfupi, mpana wa mabega, na hutembea kwa haraka hata anapokwenda kulala. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Wageni walipoletwa kuona chumba, wengine wetu tulijibanza kwenye kona tukijifanya tuna shughuli. Yeye alisimama mlangoni akasema, "Karibuni mwone kazi nzuri." Akamaliza kuwaonyesha, akawauliza, "Mmeona nzuri kuliko hii wapi?" Alitaka jibu, na alisubiri mpaka alipate.

Kilichompa kiburi hicho ni rangi. Lenzi zilizokuwa zikiletwa zamani kutoka nje zilikuwa za aina mbili. Moja ilikuwa na kahawia iliyopauka kama chai ya maziwa, na nyingine nyeusi tititi. Mtu wa Urambo akivaa ya kwanza alionekana ana jicho la paka, akivaa ya pili alionekana ana kifungo cha koti. Fundi Mkuu aliziweka kwenye kiganja, akazitoa nje juani, akarudi amekasirika.

"Nani kawaambia macho yetu ni meusi?" aliuliza. "Hakuna jicho jeusi. Kuna mtu aliyeangalia haraka."

Basi akaanza kuangalia polepole. Aliwatazama watu machoni sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji, kwenye harusi wakati wenzake wanatazama nguo za bibi harusi. Aliwavuta watu juani kwa mkono. Muuza vitambaa mmoja wa Isevya aliona anatazamwa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akajitengeneza kola akamwuliza kwa upole, "Mama, una binti nyumbani?"

"Nina wino nyumbani," alimjibu. "Sogea huku kwenye mwanga."

Alirudi na rangi kichwani, akachanganya. Alizipa majina ya vitu tunavyovijua: asali ya mwisho wa msimu, ganda la ukwaju, chai ya rangi iliyolala, kahawa ya chini ya dele. Mgonjwa akikaa, alilitazama jicho lake zima, lile lisilo na kovu, kwa muda, kisha akanigeukia. "Asali, na kidogo ukwaju." Hapo ndipo nilipojua kuwa jicho la mtu wetu lina tabaka, kwamba karibu na kitundu cha katikati pana wekundu fulani, na pembeni pana giza, na katikati yake pana nyuzi. Nilikuwa nimeishi na macho ya mama yangu miaka yote bila kujua rangi yake. Nilikwenda Nzega likizo nikamtazama mpaka akaniuliza kama naumwa.

Lakini kupata rangi nzuri mara moja hakukumsisimua. Mwanzoni nilichapa lenzi moja ikatoka safi, nyuzi zote zimesimama, ukingo umekaa, nikaibeba kwa furaha kumpelekea. Akaiangalia kwa lenzi ya kukuzia, akairudisha.

"Nzuri moja ni bahati," alisema. "Nionyeshe inayofuata."

Iliyofuata ilikuwa na ndevu. Ndivyo tunavyoita wino unapotambaa nje ya ukingo. Ya baada yake ilikuwa imepauka upande mmoja. Nilikuwa nimeongeza tone la kiyeyushi bila kufikiri, joto lilikuwa limepanda, na wino unabadilika hata ukiutazama. Alinifundisha kuwa adui wa kazi hii si kukosea, maana kosa unaliona ukalirekebisha. Adui ni kuteleza kidogo kidogo. Lenzi ya asubuhi ni nzuri, ya saa nne ni nzuri kidogo, ya mchana bado unaiita nzuri kwa sababu unailinganisha na ya saa nne. Yeye aliweka ya asubuhi mezani, chini ya kifuniko cha kioo, na kila iliyotoka ililinganishwa na hiyo hiyo. Hakuruhusu ilinganishwe na jirani yake.

Kiangazi cha Tabora mnakijua. Upepo ukianza kukauka, wino hukauka juu ya pedi kabla haujafika kwenye lenzi, nusu ya mboni inabaki huku na nusu inakwenda kule. Aliweka mabeseni ya maji kwenye kona zote, akatundika kanga mbichi dirishani, na akakataza mlango kufunguliwa hovyo. Masika yakija alitoa mabeseni na kuleta makaa kwenye jiko, akayaweka mbali, chumba kikauke. Alisikiliza pia. Pedi inapoachana na lenzi hutoa kamlio kadogo, na yeye akiwa amenipa mgongo alisema, "Hiyo haikuachia vizuri, itupe." Nilikuwa naitupa, kisha naiokota kwa siri kuangalia. Kila nilipoiokota niliona alikuwa sawa, nikaacha kuokota.

Sasa niwaambie habari ya Ijumaa, maana yeye mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya, na akijua nimeiacha atanuna.

Kulitokea kipindi lenzi zikaanza kutoka na vitundu. Wino ulishuka vizuri, kisha ukajikusanya na kukimbia, ukaacha vidoa vitupu. Siku nyingine hakuna kitu, siku nyingine tunatupa karibu kila tunachochapa. Wagonjwa wanasubiri kwenye benchi, na uongozi wa kliniki umeanza kusema labda turudi kununua zile za nje. Fundi Mkuu akawa mbogo. Alimlaumu aliyetuletea wino. Alilaumu maji. Aliyalaumu mafuta yangu ya nywele, nikakaa na nywele kavu kama mtu aliyefiwa. Aliosha pedi mpaka ikaanza kupoteza ulaini.

Kisha akagundua kuwa siku mbaya ni Ijumaa. Alisimama katikati ya chumba akiwaza, amevaa baibui lake zuri kwa ajili ya sala, kama wanavyovaa akina mama wote wa Ng'ambo siku hiyo, limefukizwa udi tangu jana yake na kupakwa mafuta mazuri kwenye mikono. Aliinua mkono wa baibui polepole, akaunusa. Akanitazama. Akatoka nje, akarudi amevaa dera la jirani lililomzidi urefu, akachapa. Lenzi ikatoka safi. Akachapa inayofuata, ikatoka safi.

Mafuta ya udi yalikuwa yanapaa hewani na kutua kwenye pedi, kidogo sana, na wino haupendi mafuta. Mtu mwingine angelinyamazia hilo. Yeye alikwenda mpaka ofisini kwa uongozi, mlango ukiwa wazi, na sote tukamsikia. "Mwizi amepatikana," alisema. "Ni mimi. Msinunue lenzi za nje." Kuanzia hapo, Ijumaa alikuja na nguo ya kazi kwenye mfuko, na baibui likakaa duka la jirani hadi saa ya msikiti. Mwenye duka akawa ananukia vizuri kuliko wateja wake.

Nisiwafanye mkadhani alikuwa hivyo kila mahali. Nyumbani kwake vikombe vina mapengo, saa ya ukutani ilikwisha betri akaiacha, na anapika kwa kumwaga chumvi bila kutazama. Harusi zote alifika chakula kinapoondolewa. Alitufundisha kusubiri wino ukae, lakini hakuweza kusubiri chai ichemke. Aliinywa ikiwa nusu, akalalamika kuwa haina ladha. Na yeye aliyekuwa akiwafokea watu waende hospitali ya Kitete jicho likiwasha tu, ndiye aliyekaa na kapi jichoni akisema litatoka lenyewe. Nilimgombeza nilipojua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgombeza, naye akavuta mtandio usoni, na hilo likaniumiza kuliko jicho lenyewe.

Kwa wagonjwa alikuwa na mdomo mwingine kabisa. Waliotoka vijijini Nzega na Igunga wakikaa pale wamejikunyata, aliwaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na mabega yao yakashuka. Hakuwahi kumwuliza mtu jicho limefanya nini. Alisubiri waseme. Alikuja mfugaji mmoja wa Igunga aliyepigwa pembe na fahali, tukamchapia ganda la ukwaju, akaondoka anacheka. Baada ya muda akarudi na sura ya malalamiko.

"Inakuumiza?" Fundi Mkuu alimwuliza.

"Haiumizi, mama. Tatizo watu hawaniulizi tena. Zamani nikikaa mahali, wananiuliza kilichonipata, nami nawapa habari ya yule fahali mpaka chai inapoa. Siku hizi nakaa kama mtu yeyote."

"Basi siku ukiwa na hadithi, ivue."

Fundi Mkuu alicheka kwa hilo wiki nzima. Alipenda kuwa wagonjwa wanatoka mbali, Kigoma, Ujiji, Kahama, kwa njia zile zile za misafara ya kale. "Zamani walipita hapa na pembe za ndovu vichwani," alisema, "wakapumzika Tabora ndipo waende mbele. Hawa nao wapumzike, waende mbele na macho." Alisema hivyo akijivuna, na sisi tukajivuna naye. Najivuna bado. Kuna watu wanapita njia hizo leo na hakuna anayewageukia, na mimi najua jicho lipi ni letu.

Kitu kimoja tu hakukichapa. Watu wakizeeka, wengi hupata pete ya kijivu pembeni mwa mboni, imezunguka kahawia yote. Mgonjwa mwenye pete hiyo kwenye jicho zima alichapiwa bila pete. Ingehitaji bamba la tatu, na pedi ishuke mara ya tatu pale pale, na ikisogea unywele mmoja pete inakuwa mwezi mchanga upande mmoja. Alijaribu, akapata moja nzuri, zilizofuata zikakataa. Akalifungia lile bamba. "Kisichorudiwa hakichapwi," alisema. Wazee waliridhika, kwa mbali hakuna aliyeona.

Fundi Mkuu alipokuja kupimwa mwezi uliopita nilimulika jicho lake zima, nikaiona pete. Pana, ya kijivu, imekamilika. Mpimaji wetu wa macho, kijana mwenye nia njema, aliniambia, "Usiihangaikie. Mchapie bila pete, atapendeza, ataonekana kijana." Lakini Fundi Mkuu haongei na watu kwa mbali. Ukimsogelea kama anavyopenda kusogelewa, utaona jicho moja la bibi na jingine la msichana, na utaliangalia hilo la msichana kabla ya kumsalimu. Atarudi ukutani.

Kwa hiyo nimechonga bamba la pete. Nimechapa, nimepata miezi michanga tele. Nimekaa na kufikiri kwa nini pete iwe ya mwisho. Yeye aliichapa juu ya kahawia, na kila kosa likaonekana. Jana nilianza nayo. Pete kwanza, pana kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha kahawia ikaja ikapanda juu ya ukingo wake wa ndani, kisha nyeusi ya katikati, na lenzi haikutoka kwenye kikalio chake hata mara moja. Kahawia ikisogea kidogo, pete inabaki mzunguko mzima, maana kilichozidi kimefunikwa. Nimechapa moja. Nimechapa inayofuata. Sijamwambia mtu.

Hayo niliyaandika kabla ya Jumatano. Leo ni Jumamosi, na nina utulivu wa kuyamalizia.

Alikuja na bajaji, dereva akimshika kiwiko kama haoni kabisa, naye akiwa amechoka kumkatalia. Nilimwamkia, "Shikamoo Fundi," akaitikia "Marahaba" akiwa amelielekea kabati. Akakaa kwenye kiti.

"Kiti hiki ni kifupi," alisema. "Miaka yote hamkuniambia."

Nilimletea kibakuli chenye lenzi ndani ya maji ya chumvi. Aliinama juu yake na jicho lake zima.

"Nani kakuambia uchape pete?"

"Unayo, Fundi."

"Najua ninayo. Nani kakuambia inachapika?"

"Nimeanza nayo. Kahawia imekuja juu yake."

Alinyoosha mkono, na nilijua anachotaka, nikampa kibakuli cha pili, na cha tatu, na vingine vilivyokuwa nyuma. Alizitazama zote kwa lenzi ya kukuzia, moja baada ya nyingine, na kila moja akairudisha mezani taratibu.

"Kahawa ya chini ya dele," alisema mwishowe.

"Na kidogo asali."

"Na kidogo asali," alikubali. "Nivalishe."

Nilimvalisha. Alipepesa, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Nikampa kioo, akakikataa, akasema taa za ndani zinadanganya. Akainuka akaenda nacho hadi mlangoni penye jua, akajitazama huko akiwa amenipa mgongo. Sikumfuata. Nilipomwona anavuta mtandio nilidhani anajifunika, kumbe anaushusha mabegani.

Kwenye benchi la nje alikuwapo mama mmoja wa Igunga aliyemsindikiza mume wake, mwanamume mwenye kitambaa jichoni. Fundi Mkuu akaketi karibu nao.

"Shikamoo bibi," yule mama alisema. "Na wewe umemsindikiza mgonjwa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nimekuja kukagua kazi yao."

"Wanafanya vizuri? Mwenzangu huyu anaogopa. Anasema watamwekea jicho la mdoli, watu wamcheke."

Fundi Mkuu aligeuka mzima mzima kama alivyokuwa akigeuka zamani, akamsogelea yule mama hadi magoti yakagusana, akauinua uso wake wote juani.

"Niangalie," alimwambia. "Niangalie vizuri, usione haya."

Yule mama alimwangalia. Aliangalia jicho hili, akaangalia lile, akarudi tena, kwa adabu na bila haraka, kisha akamgeukia mume wake kama anayeomba msaada.

"Ninakuangalia, bibi," alisema. "Nione nini?"